Jenereta Isiyonywa Mafuta

Mama mdogo alisikia neno moja tu, jenereta,
akauliza kutoka jikoni inakunywa lita ngapi kwa usiku
na moshi wake tutauelekeza wapi,
maana mwenye nyumba hapa Kigoto
hata jiko la mkaa analinunia.

Nikamwambia hii haina tangi, haina kamba ya kuvuta.
Unaipa maandishi, inakupa kurasa.
"Basi ni mashine ya kusaga," akasema.
Nikanyamaza. Wiki mbili nimesoma maelezo
na hakuna aliyenieleza vizuri hivyo.

Mahindi yangu ni haya:
faili mia tatu na kumi na moja, moja kwa kila alfajiri
niliposhuka na ndoo hadi kwenye jiwe lililopasuka
kutazama ziwa limefika wapi.
*Maji kwenye ufa wa pili. Upepo mkali.*
*Maji chini ya ufa. Magugu yametanda kama mkeka.*
*Jiwe halionekani. Kenge amehamia ngazini kwa kina Lukelesha.*
*Leo sikushuka. Homa.*

Hakuna aliyenituma.
Mchana kutwa napima dagaa mwaloni Kirumba,
kilo za watu, faida ya watu.
Nilitaka kupima kitu kisichouzwa.

Mgeta, anayefufua simu Mabatini,
ndiye aliyeniuzia kompyuta iliyong'oka kitufe cha M,
akanifungulia kidirisha cheusi,
akaniambia kichwa cha habari hutanguliwa na alama ya reli.
Nikacheka. Mji huu ndipo reli inapokomea,
treni hufika hapa imechoka, ikageuzwa,
na mimi ndio kwanza naanzia relini.

Usiku wa kwanza: kosa, mstari wa tatu.
Usiku wa pili: kosa, mstari wa tatu.
Nikabadili kiolezo. Nikabadili rangi, kana kwamba rangi ina hatia.
Nikailaumu Luku, nikamlaumu Mgeta na ukoo wake,
kumbe baada ya nukta pacha
haikuwepo nafasi.
Nafasi moja, upana wa punje ya ulezi.
Na mimi ndiye ninayewakatalia wachuuzi
kwa gramu hamsini!

Usiku wa tatu nilibonyeza,
na kabla sijashusha kikombe
kurasa zote zilikuwa zimekwisha, zimelala zimepangana
kama dagaa waliokaukia juani:
hazingoji mgeni abishe hodi ndipo ziinjikwe motoni.
Ajaye atachota, atakwenda,
hata kama kwetu giza.

Ukurasa mmoja tu ulibaki mtupu, *Kuhusu Mimi*.
Niliandika: mzaliwa wa Nansio. Nikafuta.
Niliandika: karani wa mizani. Nikafuta.
Mshale ukawa unapepesa tu pale,
kama mtu aliyeuliza jina lako
na hana haraka.

"Hebu nisomee," akasema mama mdogo, anakausha mikono kwenye kanga.
Nikamsomea Januari. Nikamsomea masika yote.
Alikuwa anaitikia kwa kichwa,
mara anaguna, "Siku ile nilipoteza kandambili."
Tulipofika *Leo sikushuka. Homa,*
akaninyoshea kidole:
"Wewe hukushuka. Mimi nilishuka.
Uliwaka kama kaango, nikakufuatia maji ya kukukanda.
Yalikuwa juu ya ufa wa pili, vidole viwili."

Miezi saba siku hiyo ilikuwa pengo,
na jibu lake lilikuwa linanipikia ugali.

Nikafungua faili. Nikaandika,
nikiibandika M kutoka mahali pengine kila ilipohitajika:
*Maji juu ya ufa wa pili, vidole viwili.*

"Andika ni vidole vyangu," akasema.
"Vyako vyembamba."

Nikaandika. Nikaisagisha upya.
Haikunguruma, haikutoa moshi.
Yeye alisimama mlangoni
akiwa ametega sikio.